Usizikimbie Kunde Zako

Ndugu msomaji, huenda wewe mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwako, amepata kusema maneno haya: "Siku hizi mimi sili kunde. Nikila, tumbo hujaa upepo usiku kucha." Mwenye kusema hivyo huisogeza sahani ya kunde kwa watoto, naye akala mkate mweupe kwa chai, au wali mtupu kwa mchuzi, akidhani kwamba amejiponya. Miezi ikipita, choo huwa cha taabu, haluli na sanamaki huingia nyumbani, na upepo bado uko pale pale.

Kwa mtu wa Funzi hasara ni zaidi ya hiyo. Funzi ni kisiwa. Kunde, mbaazi na muhogo zaweza kutoka katika shamba lake mwenyewe, au shamba la ndugu zake bara. Lakini mkate na unga mweupe hulipiwa mara mbili, kwanza dukani, kisha nauli ya boti kutoka Bodo. Kwa hiyo mtu anayeacha kunde kwa ajili ya upepo huacha chakula chake bora na kununua chakula hafifu kwa fedha zake.

Makala haya yanataka kukueleza mambo mawili. La kwanza, upepo ule watoka wapi, na kazi yake ni nini. La pili, kwa nini wako watu ambao upepo huo huwatesa kweli, na wafanye nini ili wapate nafuu bila ya kukosa lishe ya shamba lao.

MAKAPI NI KITU GANI?

Ukitwanga mahindi na kuyapepeta, huondoka wishwa. Ukila embe, nyuzi hushika menoni. Ganda la kunde, majani ya mchunga na kisamvu, utelezi wa bamia, vyote hivi vina kitu ambacho tumbo la mwanadamu haliwezi kukisaga. Watu wa lishe hukiita nyuzinyuzi, au makapi-mlo. Samaki, nyama, mayai, maziwa na sukari havina makapi hata chembe. Unga mweupe uliokobolewa unayo machache, kwa sababu sehemu kubwa imebaki mashineni na kupewa kuku.

Makapi si ya namna moja. Yako magumu, kama wishwa na pumba za ngano, ambayo hupita tumboni karibu kama yalivyoingia, yakibeba maji na kulainisha choo. Yako mororo, kama utelezi wa bamia. Tena iko wanga ambayo husalimika bila ya kusagwa, kama ile ya ndizi mbichi na ya muhogo uliochemshwa ukaachwa upoe. Na katika kunde, maharagwe na mbaazi zimo sukari ndogo ndogo ambazo mwili wetu hauna dawa ya kuzivunja. Hizo za mwisho ndizo zinazoleta malalamiko mengi.

MGEMA ANALIJUA JAMBO HILI

Mgema akishuka mnazi asubuhi na kibuyu chake, maji yale ya mnazi ni matamu kama sukari. Yakiachwa mpaka jioni, hutoa povu na kuchacha. Yakiachwa siku nyingi, huwa siki. Hakuna mtu aliyetia povu wala siki ndani yake. Ni kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vimekula sukari na kuigeuza kuwa kitu kingine. Mama anayekanda mahamri naye analijua jambo hili: hamira ikila sukari ya unga, hutoa hewa, na donge likaumuka.

Sasa fahamu kwamba kazi kama hiyo inafanyika ndani yako. Chakula hupita tumboni na katika utumbo mwembamba, na mwili huchukua kile unachoweza kukisaga. Makapi husonga mbele mpaka utumbo mpana. Huko wanaishi vijidudu kwa hesabu ya matrilioni. Wao hula kile kilichokushinda wewe, na katika kula kwao hukichachusha.

Mazao ya kazi hiyo ni mawili. Zao moja ni hewa, nao ndio upepo unaousikia. Zao la pili ni asidi. Mojawapo ya asidi hizo ni ile ile iliyomo katika siki. Nyingine, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Ngozi ile haingoji kulishwa na damu peke yake; hulishwa na vijidudu vyako, navyo hulishwa na makapi uliyokula.

Mfugaji wa mbuzi hatashangaa. Mbuzi hawezi kusaga nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Ana tumbo kubwa ambamo vijidudu huchachusha majani kwa ajili yake. Wewe huna tumbo kama la mbuzi, lakini una utumbo mpana, na ndani yake una mifugo yako. Mifugo isipopewa malisho, hudhoofika.

Basi upepo peke yake si ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya hutoa upepo mara 10 au hata 20 kwa siku. Ni kama moshi wa jikoni: waonyesha kwamba kuna kitu kinapikwa.

DAKTARI ALIYEPIMA CHOO CHA WANAKIJIJI

Sifa za makapi zilienea duniani kutoka hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1946 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda. Alifanya kazi Lira, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia ilimjua kwanza kwa uvimbe wa taya za watoto, aliouandika mwaka wa 1958, na ambao huitwa kwa jina lake hata leo. Huko Mulago alikuwako pia Daktari Hugh Trowell, ambaye alifika Kenya mwaka wa 1929 na baadaye akafanya kazi miaka mingi Uganda. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1960, Trowell alieleza kwamba magonjwa kadhaa ya tumbo yaliyowajaza Waingereza hospitalini yalikuwa haba sana kwa wanavijiji wa Afrika.

Burkitt alipokwisha kurudi Uingereza alilifuata jambo hili kwa bidii. Aliandikia hospitali nyingi za vijijini kuuliza wanaona magonjwa gani. Tena, pamoja na wenzake, alifanya kazi ambayo wengi wangeiona aibu: alipima choo. Watu walimezeshwa vidonge vidogo visivyosagika, kisha choo chao kikapigwa picha ya eksirei ili ijulikane vimechukua saa ngapi kutoka.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1972. Wanavijiji wa Uganda waliopimwa walitoa choo cha wastani wa gramu 470 hivi kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa saa 36 hivi, yaani siku moja na nusu. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa kama gramu 100 tu, na chakula kilikaa zaidi ya saa 80, yaani siku tatu na zaidi. Tofauti kubwa ya vyakula vyao ilikuwa makapi.

Yafaa tuseme kweli: wanavijiji wale walitofautiana na Waingereza kwa mambo mengi, si kwa makapi tu. Hesabu zile peke yake hazikuthibitisha kila alilolisema Burkitt. Lakini alifungua mlango, na wengine waliingia. Mwaka wa 2025 madaktari wa Moshi, Tanzania, pamoja na wenzao wa Uholanzi, walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanaume 77 wa Kilimanjaro. Baadhi ya watu wa shamba waliachishwa chakula chao cha asili, chenye mboga, nafaka nzima na jamii ya kunde, wakapewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili. Baadhi ya watu wa mjini walifanyiwa kinyume chake. Wale walioacha chakula cha asili, damu yao ilionyesha dalili za mwili kuwaka, na nguvu ya askari wa mwili ya kupambana na vijidudu vya maradhi ikapungua. Wale waliorudia chakula cha asili, mwako ule ulipungua. Wiki mbili tu zilitosha kuonyesha tofauti.

LAKINI LIKO TUMBO JEPESI KUUDHIKA

Sasa tuje kwa yule ambaye si mvivu wa kula kunde, bali huumia kweli. Tumbo humsokota. Akienda choo, maumivu hupungua au huzidi. Siku hii anaharisha, wiki ijayo amefunga choo. Tumbo hufura mpaka shuka haimkai kiunoni. Hali hii ikimrudia walau siku moja kila wiki kwa miezi mitatu, na mwanzo wake ni wa miezi sita au zaidi iliyopita, daktari huweza kuutambua ugonjwa ambao kwa kifupi huitwa IBS. Sisi tuuite utumbo mwepesi kuudhika.

Huu si uchawi, wala si maneno ya mtu mwoga. Mishipa ya fahamu ya utumbo wake husikia mno. Hewa ile ile ambayo wewe waweza kuibeba bila ya kuijua, yeye humuuma kama donda. Baadhi ya watu huanza baada ya kuugua tumbo la kuhara: kwa kila watu 10 wanaopata maradhi hayo ya kuambukizwa, mmoja hivi hubaki na utumbo wa namna hii. Wasiwasi na kukosa usingizi huuzidisha. Ugonjwa huu hautoboi utumbo wala haugeuki kuwa saratani, lakini humnyima mtu raha na kazi.

Mtu kama huyu asiambiwe tu, "Kula makapi mengi, utapona." Mwaka wa 1994 madaktari wa Manchester, Uingereza, walitangaza kwamba walipowauliza wagonjwa wao wa IBS juu ya pumba za ngano, zaidi ya nusu walisema pumba zimewazidishia, na mmoja tu katika kila kumi alisema zimemfaa. Mwaka wa 2009 madaktari wa Uholanzi waliwajaribu wagonjwa 275. Baadhi walipewa pumba, baadhi maganda ya mbegu ya isabgoli, ambayo ni makapi mororo, na baadhi unga wa mchele tu. Isabgoli iliwafaa wengi. Pumba hazikushinda unga wa mchele, na wengi walishindwa kuendelea nazo.

Somo ni hili: makapi ni mema, lakini kila tumbo lina kipimo chake, na namna ya makapi ni muhimu kama wingi wake.

FANYA HIVI

1. Anza kidogo kidogo. Kama umekaa miezi bila ya kunde, usirudi kwa sahani nzima. Anza kwa vijiko viwili au vitatu vya chakula, na uongeze kila siku chache, kwa muda wa wiki tatu hivi. Vijidudu vyako hujizoeza kama ng'ombe anavyozoea malisho mapya.

2. Loweka kunde na maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, suuza, kisha pika kwa maji mapya mpaka ziive kabisa. Sehemu ya zile sukari zenye kuleta upepo hutoka pamoja na maji uliyoyamwaga. Pojo zilizoondolewa maganda ni nyepesi zaidi kwa mwenye tumbo jepesi kuudhika.

3. Kunywa maji ya kutosha. Makapi bila ya maji hukauka na kufunga choo.

4. Usiache nafaka nzima. Peleka mahindi yako mashineni yasagwe bila ya kukobolewa, au changanya unga wake na unga mweupe nusu kwa nusu mpaka uzoee. Mtama na mawele vilevile vina makapi, na huvumilia jua la Kwale kuliko mahindi.

5. Muhogo mtamu uliochemshwa vizuri ukaachwa upoe kwa saa chache, na ndizi mbichi za kupika, hulisha vijidudu vyako. Lakini wali usiulaze jikoni kwenye joto ukidhani wafanya vyema; wali wa namna hiyo huweza kuleta kutapika na kuhara. Muhogo mchungu usipikwe bila ya kwanza kuondolewa sumu yake kama wazee walivyofundisha, kwa kuloweka na kuanika.

6. Kama bado unaumia, tafuta daftari. Kwa wiki mbili andika ulichokula, saa ngapi, na tumbo lilikuwaje. Vyakula vinavyosumbua wengi wenye IBS ni vitunguu maji, vitunguu saumu, mkate wa ngano, maharagwe, embe, tikiti maji, korosho na maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawawezi kusaga vizuri sukari ya maziwa; jaribu chai ya rangi kwa wiki moja uone.

7. Punguza vyakula hivyo kwa muda wa wiki nne hivi, si zaidi ya sita. Wakati huo samaki, wali, sima, papai, ndizi na mchicha vitakutosha. Kisha rudisha kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku tatu, mpaka umjue adui wako. Adui huwa mmoja au wawili, si chakula chote. Usikae maisha yako yote ukijinyima; afisa wa lishe katika hospitali au zahanati atakusaidia kufanya hesabu hii.

8. Isabgoli hupatikana katika maduka ya dawa. Anza kwa kijiko kimoja kidogo kwa siku, pamoja na gilasi nzima ya maji. Usiimeze kavu kamwe, kwa maana huvimba na yaweza kukwama kooni.

9. Haluli, sanamaki na mafuta ya mbarika visiwe desturi ya kila wiki. Mwenye kuhitaji kuharishwa mara kwa mara ana jambo la kumweleza daktari.

Lengo la mtu mzima, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoeleza mwaka wa 2023, ni walau gramu 25 za makapi kwa siku. Usiogope hesabu hiyo. Kikombe kimoja cha maharagwe au kunde zilizopikwa kina kama gramu 10 au zaidi. Ongeza mboga ya majani, sima ya unga usiokobolewa na tunda, nawe umefika, bila ya kununua kitu cha kopo.

USINGOJE MAJI YAJAE

Si kila tumbo linalouma ni IBS. Pwani yetu kuna minyoo, amiba na maradhi mengine yanayojulikana kwa kupimwa choo na damu, nayo yana dawa. Kwa hiyo usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Kwanza pimwa.

Tena zipo dalili ambazo hazingoji daftari wala isabgoli. Nenda hospitali upesi ukiona mojawapo ya hizi: damu katika choo, au choo cheusi kama lami; kukonda bila ya sababu; homa inayodumu pamoja na maumivu ya tumbo; kuamshwa usingizini na maumivu au kuhara; uvimbe tumboni; wekundu wa damu kupungua; au mabadiliko ya choo yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50. Na kama tumbo limefura na kuwa gumu, mtu anatapika, hapati choo wala upepo hautoki, huyo ni wa kupelekwa saa ile ile.

Kwa mtu wa Bodo, hospitali ya Msambweni ni mwendo wa barabara. Kwa mtu wa Funzi, kuna bahari kwanza. Usiku, maji yakiwa yamekupwa, safari si rahisi. Ndiyo sababu twakusihi uzijue dalili hizi mapema na usiseme, "Ni upepo tu, utatulia." Upepo wa kunde hutulia, damu haitulii kwa kungojewa. Mwenye dau au boti jirani, na ajue kwamba siku moja ataamshwa kwa kazi hii.

KWA MKULIMA

Mvua za masika zikikaribia, tenga vipande vya kunde, mbaazi na pojo. Mazao haya hurutubisha udongo, na majani ya kunde ni mboga kabla ya kunde zenyewe kukomaa. Afisa wa kilimo wa eneo lako atakushauri juu ya mbegu zinazofaa kwa udongo wa pwani.

Ukishavuna, loweka usiku, mwaga maji, pika kwa tui, na uanze kwa vijiko viwili. Mwenye tumbo zima ale na ashibe. Mwenye tumbo jepesi kuudhika ale kwa kipimo chake, na asione haya kulisema jambo lake mbele ya daktari. Burkitt, bingwa wa upasuaji, hakuona haya kupima choo cha watu. Wewe usione haya kuulizia chako.